Jinsi ya Kukusanya Ushahidi wa Nasaba kwa Ajili ya Uraia wa Italia

Sheria ya Italia humhesabu mtoto wa raia wake kuwa raia tangu siku anapozaliwa, hata akizaliwa mbali na nchi hiyo. Kwa sababu hiyo, mtu anayefika ubalozini na faili la nasaba haombi kupewa uraia, bali anaomba utambuliwe uraia anaodai kuwa nao tangu zamani. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa kazi yote ya kuthibitisha humwangukia mwombaji: ndiye anayepaswa kuonyesha kwa hati kwamba uraia ulitoka kwa mzee wa kwanza ukamfikia yeye bila kukatika popote. Ninavyoona, wengi wanaokataliwa si watu wasio na asili ya Italia. Ni watu ambao babu yao ni Mwitaliano kweli, ila tarehe moja katika maisha yake au ya mwanawe iliukata urithi huo kabla haujawafikia.

Mwongozo huu umeandikwa kwanza kwa watoto na wajukuu wa Waitaliano waliofika Kenya, Tanzania, Kongo na Somalia, kisha kwa wasomaji walio Ulaya na Amerika ambao wenzi wao wanatoka katika koo za Waitaliano waliohamia Argentina, Brazil au Marekani. Mpangilio wa kazi ni uleule kwa wote, ingawa matatizo hutofautiana.

Hatua ya kwanza: isome sheria ya sasa kabla ya kulipia cheti chochote

Maelezo mengi yaliyosambaa kuhusu jambo hili yaliandikwa kabla ya 2025, na kwa sehemu kubwa yamepitwa na wakati. Zamani hapakuwa na ukomo wa vizazi. Mtu aliweza kudai kupitia babu wa babu yake, mradi mzee huyo alikuwa hai baada ya Ufalme wa Italia kuundwa tarehe 17 Machi 1861. Mlango huo ulifungwa kwa amri yenye nguvu ya sheria namba 36 ya tarehe 28 Machi 2025, iliyothibitishwa na bunge kwa sheria namba 74 ya tarehe 23 Mei 2025. Sheria hiyo iliongeza kifungu cha 3-bis katika sheria ya uraia namba 91 ya 1992, na kifungu hicho kinasema kwamba mtu aliyezaliwa nje ya Italia na mwenye uraia mwingine huhesabika kuwa hakuwahi kupata uraia wa Italia, isipokuwa akiingia katika moja ya hali zilizotajwa.

Hali ya kwanza inawahusu waliowahi. Ni wale ambao ombi lao, pamoja na hati zake, liliwasilishwa ubalozini, katika manispaa au mahakamani kufikia saa 5:59 usiku kwa saa za Roma, tarehe 27 Machi 2025, au ambao kufikia wakati huo walikuwa wameshaarifiwa siku yao ya miadi. Hawa huamuliwa kwa kanuni za zamani. Ya pili ndiyo itakayowafaa wasomaji wengi wa ukanda wetu: mzazi, babu au bibi wa mwombaji awe na uraia wa Italia peke yake, au awe alikuwa nao peke yake hadi alipofariki. Ya tatu ni kwamba mzazi aliye raia wa Italia aliishi nchini humo miaka miwili mfululizo, baada ya kuupata uraia huo na kabla ya mwombaji kuzaliwa.

Maneno "peke yake" yanastahili kusomwa mara mbili, kwa kuwa yamebadilisha swali lenyewe. Zamani mtu aliulizwa kama babu yake alikuwa Mwitaliano. Leo anaulizwa pia kama babu huyo hakuwa na uraia mwingine wowote. Bibi aliyezaliwa Buenos Aires au New York ni raia wa huko kwa kuzaliwa tu, kwa hiyo hata kama wazazi wake wote wawili walitoka Italia, hawezi kuitimiza hali ya pili. Vivyo hivyo, babu aliyezaliwa Nairobi wakati Kenya ilipokuwa koloni alihesabiwa na Waingereza kuwa raia wao kwa kuzaliwa katika ardhi hiyo. Kwa vitendo basi, mzee anayefaa ni yule aliyezaliwa Italia kwenyewe, akahama, na akaishi ugenini kama mgeni hadi mwisho wa maisha yake. Ukishaona kwamba huna mzee wa namna hiyo kati ya wazazi wako wawili na mababu na mabibi zako wanne, wala hakuna mzazi wako aliyewahi kuishi Italia miaka miwili kabla hujazaliwa, usitumie fedha kukusanya hati. Pata kwanza ushauri wa wakili wa Italia.

Watoto walio chini ya umri wana njia yao tofauti, ambayo wazazi hutoa tamko la kutaka mtoto apate uraia. Njia hiyo ina masharti na muda wake wenyewe, kwa hiyo usiichanganye na faili la nasaba.

Hatua ya pili: chora ukoo kwa tarehe

Chukua karatasi kubwa na uanze na jina lako chini kabisa, kisha panda juu hadi kwa mzee aliyezaliwa Italia. Usianze juu, kwa sababu anayeanza na mzee wa hadithi za familia mara nyingi hujikuta amemfuatilia mtu mwingine mwenye jina kama lile. Kwa kila mtu aliye kwenye mstari huo andika mahali na tarehe ya kuzaliwa, ya ndoa, na ya kufariki. Kisha andika tarehe ya nne, ambayo familia nyingi huisahau: siku aliyopata uraia mwingine kwa hiari yake, yaani kwa tajinisi au kwa kujiandikisha. Kama hakuupata kamwe, andika hivyo, na ujue kwamba hilo nalo litahitaji hati.

Karatasi hiyo ikishajaa, ilinganishe na tarehe chache za sheria za Italia.

Kabla ya tarehe 16 Agosti 1992, siku sheria namba 91 ilipoanza kutumika, Mwitaliano aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari alipoteza ule wa Italia. Hayo yalikuwa masharti ya sheria namba 555 ya 1912. Mtoto aliyezaliwa kabla ya mzee kuupoteza uraia aliurithi, na aliyezaliwa baadaye hakurithi kitu. Tangu siku hiyo ya 1992, kuchukua uraia mwingine hakumwondolei Mwitaliano uraia wake. Hata hivyo, kumbuka hali ya pili tuliyoitaja: babu aliyechukua uraia wa Kenya mwaka 2012 bado ni Mwitaliano, ila si Mwitaliano peke yake.

Kuna pia suala la watoto waliokuwa chini ya umri mzazi wao alipobadili uraia. Waraka wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Italia wa tarehe 3 Oktoba 2024, uliofuata hukumu za Mahakama ya Kasesheni, yaani mahakama ya juu kabisa ya rufaa ya Italia, unasema kwamba mtoto mdogo aliyeishi na baba yake aliupoteza uraia pamoja naye, hata kama mtoto huyo alikuwa na uraia wa nchi nyingine kwa kuzaliwa. Katika hesabu hiyo utu uzima ulianza katika umri wa miaka 21 hadi Machi 1975, ndipo ukashushwa hadi 18.

Tuseme mzee alizaliwa Cuneo mwaka 1905, akafika Nyeri, akafariki huko mwaka 1980 akiwa na pasipoti ya Italia tu. Mwanawe alizaliwa Kenya mwaka 1938, na mwaka 1965 akajiandikisha kwa hiari kuwa raia wa Kenya. Binti wa huyo mwana alizaliwa mwaka 1970. Kwa mtazamo wa haraka binti anaitimiza hali ya pili kikamilifu, kwa maana babu yake alikufa akiwa Mwitaliano peke yake. Lakini baba yake aliupoteza uraia miaka mitano kabla binti hajazaliwa, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kumrithisha. Mwana huyo asingejiandikisha, binti angekuwa na dai zuri. Angejiandikisha mwaka 1972, dai lingeingia moja kwa moja katika suala la waraka wa 2024, kwa kuwa binti alikuwa bado mtoto. Ndiyo maana nasisitiza tarehe kuliko majina.

Tarehe ya mwisho ya kuangalia ni 1 Januari 1948, siku Katiba ya Jamhuri ya Italia ilipoanza kutumika. Kwa sheria ya 1912, mama hakurithisha uraia isipokuwa katika hali chache, kwa mfano pale baba alipokuwa hajulikani. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa na mama Mwitaliano na baba mgeni kabla ya siku hiyo hatambuliwi ubalozini. Mahakama ya Kasesheni, katika hukumu namba 4466 ya 2009, iliona kwamba ubaguzi huo hauwezi kuendelea kuleta madhara, na tangu hapo madai ya aina hiyo hupelekwa mahakamani. Kwa upande mwingine, kuna kanuni ambayo wengi huisahau wanapomhesabu bibi yao: mwanamke wa nchi nyingine aliyeolewa na Mwitaliano kabla ya tarehe 27 Aprili 1983 alikuwa Mwitaliano kwa ndoa yenyewe, bila kuomba.

Hatua ya tatu: thibitisha kwamba mtoto alitambuliwa na baba

Katika Amerika familia nyingi ziliundwa kwa ndoa iliyosajiliwa, na hatua hii hupita bila shida. Kwetu sivyo. Malindi na Watamu, katika miji ya migodi ya Katanga huko Kongo, na kwenye mashamba ya bara, wapo watu wengi ambao kila mtu mtaani anajua baba au babu yao alikuwa Mwitaliano, na hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo. Wengine ni uzao wa wafungwa wa vita wa Kiitaliano walioshikiliwa Kenya kuanzia 1941, walewale waliojenga barabara ya kuteremkia Bonde la Ufa na kanisa dogo la Mai Mahiu mwaka 1942.

Sheria haitazami rangi ya mtu wala habari za majirani. Inatazama kama unasaba uliwekwa kisheria, na lini. Kwa kifungu cha 2 cha sheria ya 1992, utambuzi wa baba, au tamko la mahakama kuhusu ubaba, huamua uraia wa mtoto ukifanyika kabla mtoto hajawa mtu mzima. Ukifanyika baadaye, mtu mzima hubaki na hali yake ya uraia, ila hupewa mwaka mmoja wa kuchagua uraia wa Italia kwa tamko rasmi. Mwaka huo huisha haraka kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo mtu anayekusudia kufungua kesi ya ubaba awe amezungumza na wakili kuhusu tamko hilo kabla hukumu haijatoka.

Hati zinazokubalika kama utambuzi ni cheti cha kuzaliwa ambacho baba mwenyewe alishiriki kukisajili, cheti cha ndoa ya wazazi, hati iliyotiwa saini mbele ya mthibitishaji wa umma au ofisa wa ubalozi, au wosia. Baba akiwa ameshafariki, mtoto anaweza kuomba mahakama itamke ubaba dhidi ya warithi wake, na kwa sheria ya Italia haki hiyo ya mtoto haina kikomo cha miaka. Vipimo vya vinasaba vinavyoagizwa na mahakama vina nguvu. Vile vya kununua mtandaoni, vinavyoeleza asilimia za asili ya mtu, havina kazi katika faili hili zaidi ya kukupa mahali pa kuanzia utafutaji.

Wakenya wakumbuke kwamba hadi Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi wake mwaka 2016, sheria ya usajili ilizuia jina la baba kuandikwa kwenye cheti cha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa bila wazazi wote wawili kuomba. Cheti kisicho na jina la baba, kwa hiyo, si ajabu, na si mwisho wa safari, lakini chenyewe hakitoshi.

Kwa wasomaji wenye asili ya Barawa, Kismayu na pwani nyingine ya Somalia kuna mambo mawili ya kuongeza. Kwanza, kuwa chini ya utawala wa Italia hakukumfanya mtu kuwa raia. Wenyeji wa makoloni walikuwa raiya watawaliwa, na hati ya koloni yenye muhuri wa Italia haithibitishi uraia. Hilo linawahusu pia watu wa Jubaland, eneo ambalo Uingereza ililikabidhi Italia mwaka 1925. Pili, sheria namba 822 ya tarehe 13 Mei 1940 iliwakataza Waitaliano kuwatambua watoto waliozaa na wanawake wa makoloni ya Afrika Mashariki. Ilifutwa mwaka 1947. Mtoto wa miaka ile ambaye hana hati ya baba huenda hakunyimwa na baba bali na dola, na wakili anapaswa kuelezwa jambo hilo waziwazi.

Hatua ya nne: tafuta manispaa ya mzee

Italia haina ofisi moja ya vyeti vya nchi nzima. Kila manispaa hutunza vitabu vyake vya vizazi, ndoa na vifo, na asiyejua manispaa hana pa kuandikia barua. Familia nyingi hukumbuka mkoa tu, au mji mkubwa wa jirani: "alitoka Torino", kumbe alizaliwa katika kijiji cha milimani umbali wa saa tatu. Wengine hukumbuka bandari ya Genova au Napoli, ambako mzee alipanda meli tu.

Jina la manispaa hupatikana kwenye pasipoti ya zamani, cheti cha ndoa, kitabu cha jeshi, kibali cha ukaazi, au kwenye kumbukumbu za parokia. Wamisionari wa Consolata kutoka Torino walifika Kenya mwaka 1902 na baadaye wakaenda Iringa, na vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia za aina hiyo mara nyingi huandika mahali alipotoka bwana harusi. Waliopitia New York wana orodha za abiria za Ellis Island, na waliopitia São Paulo wana daftari za nyumba ya wahamiaji iliyo jumba la makumbusho leo. Ukijua mkoa na mwaka wa kuzaliwa wa mzee mwanamume, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya mkoa huo ina orodha za vijana walioitwa jeshini, na humo jina la manispaa limeandikwa. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu jeshi halikumsahau mtu hata kama alikuwa ameshapanda meli.

Lango la mtandaoni liitwalo Antenati, linaloendeshwa na idara ya serikali ya hifadhi za nyaraka, linaonyesha bila malipo picha za vitabu vingi vya zamani. Picha hizo ni za utafutaji tu. Ubalozi unataka hati iliyotolewa na manispaa yenyewe.

Kumbuka kwamba usajili wa kiraia haukuanza siku moja kila mahali. Katika bara la Ufalme wa Napoli ulianza mwaka 1809, Sisilia mwaka 1820, sehemu kubwa ya nchi mwaka 1866, na Veneto mwaka 1871. Kwa mzee aliyezaliwa kabla ya hapo, cheti cha ubatizo kutoka parokia, kilichothibitishwa na ofisi ya askofu, hushika nafasi yake.

Ukiandikia manispaa, andika kwa Kiitaliano, kwa heshima na kwa ufupi. Taja jina kamili, majina ya wazazi wa mzee na mwaka, kisha omba nakala kamili ya kumbukumbu ya kuzaliwa au dondoo yenye majina ya baba na mama. Eleza kwamba ni kwa ajili ya utambuzi wa uraia. Tangu 2025 manispaa zinaruhusiwa kutoza hadi euro 300 kwa vyeti vya watu waliosajiliwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa hiyo uliza gharama kwanza. Wengine hujibu kwa wiki, wengine kwa miezi. Mwezi Agosti usitegemee jibu.

Hatua ya tano: thibitisha kwamba mzee hakuchukua uraia mwingine

Hapa ndipo penye uzito mkubwa wa faili la sasa. Sheria ya 2025 inasema waziwazi kwamba mahakamani mdai ndiye anayepaswa kuthibitisha kuwa hakuna sababu iliyouondoa uraia, na kwamba kiapo na ushahidi wa mashahidi havikubaliki. Ile hati ya kiapo ambayo kwetu hutatua mambo mengi, ambamo wazee wawili wanaapa kumjua marehemu tangu ujana, haitakusaidia hapa.

Hati ya msingi ni barua ya mamlaka ya uraia ya nchi alikoishi mzee, inayosema kwamba upekuzi umefanywa chini ya tahajia zote za jina lake na hakuna kumbukumbu ya yeye kupewa uraia. Kenya, Tanzania na Uganda, mahali pa kuanzia ni idara ya uhamiaji. Kama mzee aliishi katika nchi zaidi ya moja, mathalani Kongo kisha Kenya, utahitaji barua kutoka kila nchi. Marekani hutoa cheti cha namna hiyo kupitia idara ya uhamiaji, USCIS. Uandikishaji wa uraia kabla ya tarehe 27 Septemba 1906 ulifanywa na mahakama yoyote ya huko, kwa hiyo mafaili ya zamani hutafutwa wilaya kwa wilaya. Argentina barua hutoka kwa mahakama ya uchaguzi ya taifa. Brazil ilitangaza mwaka 1889 kwamba wageni wote waliokuwapo nchini ni raia wake wasipokataa, lakini Mahakama ya Kasesheni ya Italia iliamua mwaka 2022 kwamba kukaa kimya hakukuwa kuukana uraia wa Italia.

Barua hiyo iungwe mkono na mfululizo wa hati zinazoonyesha mzee aliishi kama mgeni: pasipoti za Italia zilizofanywa upya, vibali vya ukaazi, kitambulisho cha mgeni, na cheti cha kifo kilichoandika uraia wake. Kibali cha ukaazi kilichotolewa miaka michache kabla ya kifo kina thamani kubwa kuliko pasipoti ya ujanani, kwa maana kinaonyesha nchi yenyewe ilikuwa bado inamhesabu mgeni. Mwenye kutegemea hali ya tatu, ya mzazi aliyeishi Italia, aombe manispaa cheti cha historia ya makazi, chenye tarehe ya kuingia na ya kutoka.

Hatua ya sita: linganisha majina

Giuseppe akawa Joseph au José, Giovanni akawa John au João, na karani wa wilaya aliyeandika kwa kusikia akaongeza herufi zake. Tofauti ndogo ya tahajia huvumiliwa mara nyingi ikiwa tarehe, wazazi na mahali vinakubaliana. Tofauti inayobadilisha jina la ukoo, mwaka wa kuzaliwa au jina la mama hurekebishwa kwa msajili aliyetoa cheti, au kwa amri ya mahakama. Anza marekebisho na cheti kilicho karibu zaidi nawe na upande juu, ukitumia kumbukumbu ya Italia kama kipimo, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kuandikwa.

Vyeti vilivyosajiliwa kwa kuchelewa, jambo la kawaida Afrika Mashariki, huzua maswali. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa na RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, au na msajili wa Kenya miaka thelathini baada ya mtoto kuzaliwa kiambatanishwe na cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki au kumbukumbu za shule za wakati ule.

Hatua ya saba: uthibitisho na tafsiri

Kila hati isiyo ya Italia huthibitishwa kwanza, kisha hutafsiriwa kwa Kiitaliano. Nchi zilizo katika Mkataba wa Hague wa 1961 hutoa muhuri wa apostili, unaotambuliwa na nchi nyingine za mkataba huo, na humo zimo Marekani, Argentina, Brazil, Burundi na Rwanda. Hati ya nchi isiyokuwamo hupitia wizara yake ya mambo ya nje kisha ubalozi wa Italia. Vyeti vya Kiswahili na vya Kiingereza vyote hutafsiriwa, na muhuri wenyewe pia. Mtumie mfasiri anayetambuliwa na ubalozi utakaoupelekea faili, kwa kuwa tafsiri ya bei rahisi inayokataliwa hulipiwa mara mbili.

Omba nakala kamili za vyeti, si zile fupi, na usizithibitishe mapema mno kabla hujajua tarehe ya miadi.

Hatua ya nane: wasilisha

Mtu anayeishi nje ya Italia hupeleka ombi kwenye ubalozi wa eneo anamoishi, hata kama hati zake zote zilitoka nchi nyingine. Miadi huwekwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Prenot@mi. Ada ni euro 600 kwa kila mwombaji mtu mzima, na hairudishwi ombi likikataliwa. Anayeishi kihalali Italia hupeleka ombi katika manispaa yake, ambayo nayo inaweza kutoza hadi euro 600. Madai ya mahakamani hufunguliwa katika mahakama ya eneo alikozaliwa mzee, na ada ya mahakama ni euro 600 kwa kila mdai, mbali na malipo ya wakili.

Mtu asiwauzie wepesi. Wapo mawakala wanaoahidi makazi ya karatasi katika kijiji cha Italia au cheti "kinachopatikana", na kesi za jinai zimewafikia waombaji pamoja na mawakala wao.

Kabla ya kuwasilisha, angalia sheria ya nchi yako. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010, na Uganda tangu 2009. Tanzania hairuhusu raia mtu mzima kuwa na uraia wa nchi nyingine, na katiba ya Kongo ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Mtanzania anayetambuliwa kuwa Mwitaliano tangu kuzaliwa anaweza kujikuta na swali zito Uhamiaji, kwa hiyo aulize mwanasheria wa Tanzania kabla, si baada.

Ombi likikubaliwa, vyeti vyako huandikwa katika vitabu vya manispaa ya mzee au ya makazi yako, nawe unaingia katika AIRE, daftari la Waitaliano wanaoishi nje. Ndoa, talaka, kuhama na kuzaliwa kwa watoto vyote vinapaswa kuarifiwa ubalozini. Hifadhi faili zima, pamoja na barua kuhusu babu. Mtoto wako aliyezaliwa nje na mwenye uraia mwingine atapimwa kwa kifungu kilekile cha 3-bis: ikiwa ni mzazi wako aliyekuwa Mwitaliano peke yake, mtoto ana babu au bibi anayefaa, na hati hizohizo zitamtumikia. Ikiwa ni babu yako, kwa mtoto wako huyo ni kizazi cha tatu, nje ya kipimo, na atahitaji wewe uwe umeishi Italia miaka miwili mfululizo baada ya kuupata uraia na kabla hajazaliwa.